Lori Lililoziba Njia ya Songo

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa Uvira, nimepita miaka tisini, kifua kimechoka na daktari haniambii tena nirudi lini. Muda wote wa ndoa yangu nimeficha jambo moja: lori lililoziba njia ya Songo siku aliyokufa Stefania lilikuwa langu, halikuwa la Melkiori.

Nilisomeshwa na mapadri, nikaandika na kusoma vizuri kuliko vijana wengi wa wakati wangu. Lakini miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, hakuna kazi iliyokuwa na heshima kama ushofere. Tajiri wetu wa pamba alikuwa na malori mawili ya kijani, yamefanana kama pacha. Moja niliendesha mimi, la pili Melkiori. Melkiori aliegesha popote alipotaka: mlangoni pa kanisa misa ikiendelea, au ufukweni, juu ya mchanga ambapo wanawake wameanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Wakimtukana anawajibu, "Mama, ndagala zako zilikuwa zinaomba kivuli." Watu walimchukia huku wanacheka. Mimi nilisifiwa kuwa kijana wa adabu.

Siku ile nilikwenda Songo kuposa. Kwa wakwe zangu, watu waliotoka bonde la Ruzizi, mposaji anafika kwa miguu, hajionyeshi. Na mtungi wa pombe ya ndizi ukiwekwa katikati, hasimami mpaka uishe. Akisimama kabla, amemkataa binti. Nilikuwa nimechelewa, nikaja na lori la tajiri, nikalificha chini ya kilima, pale njia inapobanwa kati ya ukuta wa duka na korongo. Nikafunga milango, nikapanda kwa miguu kama mtu mnyenyekevu. Nilijua kabisa kwamba nimeziba njia. Nikajiambia sitakawia.

Mtungi haujafika nusu, mvua ikaanza. Tukasikia mabati ya lori yanapigwa ngumi kule chini, na sauti za wanaume: "Shofere iko wapi? Ondoa kamyo, tuko na mgonjwa."

Baba mkwe akaachia mrija wake. "Melkiori huyo tena," akasema. "Iko siku ataegesha juu ya altare."

Wazee wakacheka, nami nikacheka nao. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Weye unamujua, mwanangu," akaniambia. "Si munafanya kazi pamoja?"

"Ndiyo, Baba," nikajibu. "Ndivyo alivyo."

Kelele zikapigwa tena, halafu zikanyamaza. Nilidhani wamepata pa kupita. Nikainama, nikavuta pombe.

Walikuwa wameshuka korongoni. Kwenye kipoyi, machela ya miti, walimbeba Stefania, rafiki wa mchumba wangu tangu shule ya masista, ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, wanamkimbiza dispanseri. Maji ya mlimani yakaja kwa ghafla, kama yanavyokuja Uvira hata leo. Wanaume wakajiokoa. Stefania na mtoto wake tumboni hawakutoka.

Niliposhuka, mvua ilikuwa bado inapiga na njia ni tupu. Niliwasha lori nikaondoka. Kabla ya jua kuzama mji wote ulishamtaja Melkiori. Yeye alikuwa ametoka Nyakabere na mzigo wa pamba, peke yake barabarani. Nani angemsaidia kusema alikuwa wapi? Tribinali ikamfunga. Alipotoka, hakuna tajiri aliyempa gari tena. Akavua ndagala mpaka alipokufa, na watoto wake wakaitwa watoto wa aliyeziba njia.

Mimi nilioa. Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, mke wangu anapeleka maua kaburini kwa Stefania, nami namshikia mwavuli.

Sasa mjukuu wetu, huyu anayenipikia uji na kuniogesha, anataka kuolewa na mjukuu wa Melkiori, kijana fundi wa Nyamianda. Mke wangu amekataa katakata.

"Weye utaolewa kwa wale watu, minye nikiwa hai?" alimwambia juzi, mbele yangu.

"Koko, minye siolewi na kamyo," mtoto akamjibu. "Naolewa na muntu."

"Muntu anatoka kwa watu. Babu yake alisikia mwanamke analia, akakaa." Kisha akanigeukia. "Sema, Baba. Weye ulimujua yule."

Nilikohoa mpaka wakaniletea maji. Tangu siku hiyo mtoto analia anapoosha vyombo, akidhani mimi sisikii.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu ni wadogo kuliko wajukuu zangu, lakini sina mwingine wa kumuuliza. Nikisema, mke wangu atajua kwamba mtungi ule ndio uliomuua rafiki yake, na nitakufa bila mkono wake. Nikinyamaza, naondoka na ndoa ya mtoto huyu, na jina la Melkiori nalizika mara ya pili. Nguvu ya kusema inapungua kila asubuhi. Nishaurini, nianze na nani, na nimwambie nini?

Ila msinishauri kama mtu aliyenyamaza tu. Tribinali haikumfunga Melkiori kwa maneno ya watu wa sokoni. Ilitaka shahidi, ikaniita mimi, kijana wa mapadri. Niliweka mkono juu ya Biblia, nikasema nilimwona kwa macho yangu akishuka kutoka katika lori lile.