Nilivyomsindikiza Mwenzangu Kushukuru

Mimi na mwenzangu tulipunguzwa kazi siku moja, katika ofisi ya shamba la mkonge huko tambarare, Same. Tulipanda kurudi kwetu Mamba, milimani, kwa bodaboda moja, mabegi mapajani, na hakuna aliyelia.

Ghala la tangawizi lilikuwa likitafuta karani mmoja. Mama, ambaye mguu humsumbua kila masika, akanipa ushauri. "Waambie umeacha mwenyewe, umerudi kuniuguza. Mguu si huu hapa?" Nikakataa. Nilikuwa na kiburi cha mtu msafi, na sikuona aibu yoyote katika kupunguzwa.

Kwenye usaili nilimwamkia mwenyekiti wa ghala shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kwa nini niliondoka nilikokuwa. Nikamweleza kama ilivyokuwa: bei ya mkonge ilishuka, wakapunguza watu, na mimi nikawamo.

"Kwa hiyo walichagua wa kubaki," akasema, "na wewe hawakukuchagua."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa sisi tukuchague kwa lipi, mwanangu?"

Wajumbe wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akafuta macho. Nikawashukuru kwa muda wao, mjinga mimi.

Mwenzangu aliingia baada yangu. Yeye alisema ameacha kazi kwa hiari yake amuuguze mama yake, mwanamke mwenye afya ya punda ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa shambani akipalilia. Kazi akapata.

Jumapili akatoa shukrani kanisani. Kwetu anayeshukuru haendi mbele peke yake. Watu humsindikiza kwa wimbo hadi madhabahuni. Mama akanisukuma kiunoni, eti nisipokwenda watasema nina wivu. Wivu nilikuwa nao, tena mwingi. Nikaenda, nikaimba, nikasimama karibu naye hadi nikasikia harufu ya mafuta ya nywele zake.

Akashika kipaza sauti, akasimulia alivyouacha mshahara mzuri kwa ajili ya mzazi na jinsi Mungu alivyomlipa. Sentensi moja tu kutoka kwangu ingemwangusha. Nikaimeza. Kisha akanishika mkono, akauinua watu wote wauone.

"Naomba tumkumbuke na mwenzangu huyu katika maombi," akasema kwa upole. "Yeye walimfukuza. Mungu amsaidie abadilike."

Kanisa likaitikia amina. Sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya mama yangu.