Vitanda Vitatu vya Kificho

Baba yangu, Kificho, alikuwa akikoroma. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu watu wakimtaja siku hizi humfanya kama walii, na mimi hukasirika. Hakuwa walii. Alikuwa dereva mwenye ndevu chache na suruali moja ya kaki, na akikoroma mpaka mama yetu, Bi Time, akichukua mto wake akahamia ukumbini. Majirani zetu wa Jadida, pale Wete, walimtania kwamba nyumba yake haina haja ya mlinzi. Mama alipofariki, mwaka wa hamsini na tisa, mkoromo ule ukakatika. Nilikuwa na miaka kumi. Nikadhani amepona.

Tulibaki watatu: mimi Mwatum, Hija mwenye miaka saba, na Moza aliyekuwa na mitatu na bado akimwita mama kila alfajiri. Baada ya hitima ya arobaini, jamaa wakakaa kitako kutugawa. Nasema kutugawa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, hata kama kila mmoja alikuwa na nia njema. Bibi yetu Bi Mwanakhamis, aliyemzaa mama, alikuwa amekuja kutoka Shumba, na alitaka kutuchukua mimi na Moza. Hija aende Chake kwa ami yake. Msimu wa karafuu ulikuwa unaingia, na baba msimu mzima hakai nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la Akberali, mwenye duka kubwa pale mjini. Karafuu zikiiva, watu huhamia mashambani kupiga dago, wakajenga vibanda na kukaa huko mpaka zimalizike kuchumwa. Akberali hakuwasubiri warudi mjini kununua. Lori lake lilikuwa na bodi la mbao na rafu pande zote mbili, na nyuma dirisha kubwa la kuuzia, likawafuata kule kule na mchele, sukari, mafuta ya taa na nguo. Baba alikuwa dereva na muuzaji, na humo humo ndimo alimolala.

"Vino weye Kificho," bibi akamuuliza mbele ya watu, "hawa utawalaza wapi? Juu ya magunia?"

Baba hakumtazama usoni, maana mtu na mavyaa yake, mama mkwe, hawatazamani ovyo. Akasema na mkeka: "Nnaomba msimu huu mmoja tu, mama. Ntawatengezea pa kulala mumo garini. Usinitenganishie wanangu."

Bibi alitutazama mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Ntakuja kutazama kwa macho yangu mie. Nkiwakuta hawana pa kulala pa heshima, nnawachukua pale pale, na usinambie neno."

Siku ya pili yake baba alilileta lori uani, akatulaza barazani mmoja mmoja na kutupima kwa kamba ya usumba wa nazi. Kila kipimo akakiongeza shibiri moja, kwa kuwa, alisema, mtoto haombi ruhusa ya kurefuka. Mbao alizitoa kwenye masanduku ya chai matupu aliyopewa na Akberali. Yule mzee alisimama mlangoni kwetu akamtazama akipiga misumari, akasema, "Kificho, mimi nina duka, wewe unanijengea nyumba." Lakini jioni yake mkewe, Dolatkhanu, alituletea godoro dogo la sufi, na Akberali hakuuliza tena.

Niwaeleze vilivyokuwa, maana nikisimulia watu hudhani natia chumvi. Rafu ya juu ya upande wa kulia aliitoa madebe yote ya mafuta ya taa, akaipanua na kuitia ubao wa pembeni ili Hija asidondoke. Upande wa kushoto, juu ya magunia ya mchele, alitia kitanda changu cha mbao chenye bawaba. Mchana kilisimamishwa ukutani, na mtu akija alfajiri kutaka mchele, ilikuwa lazima mimi niamke kwanza. Moza alipata susu ya gunia la sukari, iliyotundikwa kwa kulabu mbili darini baina yetu sisi wawili. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshatimiza miaka kumi, na haifai tena kulala na ndugu yangu wa kiume pasi na kizuizi, alinitilia pazia. Ilikuwa kanga ya mama. Nguo zake zote zilikuwa zimekwisha kutolewa sadaka, na sijui hiyo moja aliificha wapi. Usiku nililikamata pindo lake mpaka nikasinzia.

Vichwa vyetu vyote vilielekea mbele, kwenye kichwa cha gari, ili atusikie akiwa huko. Na pale uani gari lilikuwa limeelekea mashariki, kwa hivyo tulilala kama watu wanavyolazwa: kichwa mashariki, na ukigeukia ubavu wa kulia uso unaitazama kibla. Kibla yetu Pemba ni kaskazini. Baba alizunguka, akapima kwa mkono, akaridhika. Hapo ndipo alipokosea, na hakuna aliyeliona kosa lake, hata mimi niliyejiona mjuzi wa kila kitu. Alijenga vitanda kama mtu anayejenga nyumba, akasahau kwamba nyumba yake ina magurudumu.

Tuliishi vizuri. Hija alijifunza kupima sukari, mimi nikipika kwenye mafiga nyuma ya gari, na Moza akazoea kulala huku akibembea. Asubuhi moja aliamka akamwita baba badala ya mama. Baba alikwenda kusimama nyuma ya mgomba akakaa huko kitambo. Nilimwona, na mimi nikalia.

Wiki ya tano tulikuwa dagoni karibu na Ole, kwenye njia nyembamba baina ya mikarafuu na makonde ya muhogo. Laasiri, bibi akatokea. Alikuwa ametembea kutoka barabara kuu, na kichwani amejitwika mkeka mpya ulioviringishwa. Nilimpokea mkeka, nikambusu mkono, nikamuuliza wa nini.

"Wa kufungia nguo zenu," akasema.

Alikuwa ameshakata shauri kabla hajatazama kitu.

Aliomba maji, akatawadha, akasali kando ya gari. Kisha akapanda ndani. Akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akaivuta susu kwa nguvu zake zote, akafungua na kufunga bawaba. Akafika kwenye pazia. Akaishika kanga ya mwanawe, akainusa, akaiachia taratibu. Nikaanza kupata matumaini.

"Haya laleni nikuoneni," akasema.

Tukalala kila mtu pake. Baba alikuwa amesimama nje, dirishani pa kuuzia, mikono nyuma. Bibi akatutazama, akageuka kutazama kule alikotoka kusali, akatutazama tena.

"Kificho. Wanangu umewalaza miguu kibla."

Ilikuwa kweli. Njia ile ilikuwa nyembamba na gari lilisimama limeelekea kusini, na nyayo zetu sita zilikuwa zimeinyooshea kibla. Sijui mara ngapi tulikuwa tumelala hivyo katika wiki zile tano. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto akinyoosha mguu kibla barazani hupigwa kofi, na sisi tulilazwa hivyo na baba yetu mwenyewe, kwa vipimo na misumari.

"Mtoto halazwi hivyo hata na mtu asiyemtaka," bibi akasema. "Mwatum, nipe huo mkeka."

Sikuinuka. Namshukuru Mungu mpaka leo kwa ukaidi alionipa.

Baba hakujitetea. Alisema tu, "Mama, kamata rafu," akaenda mbele, akatia gari moto. Bibi hakuwahi kushuka. Gari lilirudi nyuma, likaingia kwenye konde la muhogo la watu, likaenda mbele, likarudi tena. Sufuria zikaanguka, kopo la pilipili manga likapasuka tukapiga chafya sote, Moza akicheka kwenye susu yake na bibi akileta shahada kwa sauti kubwa huku amekumbatia jora la kitambaa cha marekani. Lilipozimwa, jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la nyuma. Gari lilikuwa limeelekea mashariki.

Baba akaja dirishani, jasho linamtoka. "Sasa je, mama?"

Bibi akalitazama jua, akatutazama. "Sasa ndo." Akajitengeneza buibui. "Na kesho?"

"Kila ntakaposimama ntaligeuza kwanza. Kabla sijazima moto."

Na aliligeuza, misimu yote iliyofuata, hata pasipogeuka baiskeli. Lakini siku ile bibi alikuwa hajamaliza.

"Na weye walala wapi?"

"Mie napata tu, mama."

"Baba halali," Hija akasema kutoka juu. "Hukaa kwenye usukani."

Bibi alishuka, akaenda kufungua mlango wa mbele. Nilimfuata. Kiti kile kilikuwa kifupi, na katikati yake mna gea. Juu ya usukani palikuwa na shuka iliyokunjwa ikawa mto, imeingia alama ya kipaji cha uso. Mimi nilikuwa nimeiona kila asubuhi kwa wiki tano na sikuwaza kitu. Nilidhani madereva ndivyo wanavyolala.

Bibi aliufunga mlango polepole. Akarudi ndani, akatazama pale chini baina ya kitanda changu na rafu ya Hija, palipopangwa yale madebe ya mafuta ya taa yaliyotolewa juu.

"Madebe hino hamisheni mbele," akasema. "Madebe hayana mgongo."

Tulipoyahamisha, akautandika mkeka wake. Ulikuwa mpana, ukapanda ukutani pande mbili. Basi akakaa kwenye kidato cha gari, akatoa shazia yake ya kushonea mikeka aliyotembea nayo siku zote, akaanza kuufumua. Alitoa kili tatu, yaani misuko mitatu ya ukindu, kwenye mkeka wa kazi ya miezi miwili, kisha akaushona ukingo wake upya.

"Bibi," nikamwambia, "nguo zetu utazifungia nini?"

"Zifungwe za nini? Zinakwenda wapi?"

Nilimwangukia mapajani, akanisukuma kwa kiwiko kwa kuwa namharibia mshono.

Mkeka ukaingia pale chini sawasawa. "Kificho, njoo lala tuone."

Baba alishtuka. "Mama, ntalalaje mbele yako? Na laasiri hino?"

Na ni bibi huyo huyo aliyekuwa haruhusu mtu kulala baada ya laasiri. Kwake Shumba, mwenye homa tu ndiye aliyesamehewa, na yeye pia huulizwa mara mbili. Alisema usingizi wa wakati ule humtia mtu wazimu. Akalivuta pazia la kanga ya mama likapita katikati ya gari, yeye akabaki upande wa dirisha la kuuzia, amempa baba mgongo, nami nipo naye.

"Mie hapano n'na wateja," akasema.

Pembeni mwa pazia nilimwona baba akiinama kupita chini ya susu, akajinyoosha, akatia mkono chini ya shavu la kulia. Mchumaji mmoja, Mmanga, Mwarabu wa Oman, akaja kutaka sukari ratili moja. Bibi, ambaye hakuwahi kuuza kitu maishani mwake, akaanza kuhangaika na mizani, na ndipo mkoromo ulipoanza nyuma ya pazia. Ulianza kidogo kidogo, halafu ukatikisa makopo kwenye rafu. Sikuwa nimeusikia tangu mama afe.

"Bi mkubwa," Mmanga akasema, "jua linakuchwa, huyo mwamshe."

Bibi akaweka kidole mdomoni mwake kumnyamazisha kama mtoto, akampa sukari yake, iliyozidi sana ratili moja.

"Mwanangu amelala," akasema. "Nenda polepole."