Ruhusa ya Moto, Ruhusa ya Waridi

Kitalu cha Noelene Pascoe kilikuwa kinakufa haraka kuliko miche iliyokuwamo. Mvua ilikuwa imeususa mji mdogo wa Wirrabeen, na mtu anayeoga kwa kikombe hanunui waridi. Mbali na kitalu, Noelene alikuwa katibu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Kompyuta yake ilihifadhi anwani za barua pepe za karibu mji mzima. Watu walimpa wenyewe, kwenye ukumbi wa mji, ili upepo ukigeuka na moto kuja awajulishe.

"Anwani zote hizo umezilalia kama kuku," wifi yake Gwenda alimwambia. "Watumie tangazo la waridi."

"Walinipa kwa ajili ya moto, wifi."

"Kwani waridi linaua? Asiyetaka atafuta. Au kitalu kikifungwa utakula ukatibu?"

Hoja ya Gwenda ilikuwa na matundu kama chandarua cha gesti, lakini njaa haichagui hoja. Noelene akatuma, tena kwa anwani ileile ya kikosi, kwa kuwa ndiyo watu walioizoea. Miche miwili mitatu ikatoka. Akanogewa. Kufikia Krismasi anatuma kila asubuhi: punguzo la waridi, punguzo la mbolea, punguzo la punguzo.

Hakuna aliyelalamika. Watu wa Wirrabeen hawana tabia hiyo. Mkipishana barabarani atakuinulia kidole kimoja juu ya usukani, salamu kama kawaida, kisha ataenda kwake akufungie mlango kimyakimya. Nyumba moja baada ya nyingine walibonyeza barua za anwani ya kikosi ziwe zinaingia moja kwa moja kwenye taka.

Januari upepo ukageuka. Mnara wa simu ukaungua mwanzo kabisa, ikabaki barua pepe kwa wenye mtandao wa setilaiti na jenereta. Noelene akaandika: *Moto unashuka bondeni. Ondokeni sasa hivi.* Ujumbe ukaenda. Kwenye nyumba nyingi uliangukia kwenye taka, pamoja na matangazo ya mbolea.

Mzee Athol Brice, mfuga kondoo, aliokoka kwa kujitosa kwenye bwawa la mifugo. Mkewe Ivy hakufika bwawani.

Mazishini watu walimwinulia Noelene vidole vyao kama kawaida. Afadhali wangemtukana.

Alitaka kuacha ukatibu, ila hakuna aliyeutaka. Basi akafuta majina yote, hata moja hakubakiza, akafungua anwani mbili: moja ya moto, nyingine ya maua. Akaanza kupita mlango kwa mlango. Alimuuliza kila mtu anataka ipi. Aliyekubali alitumiwa barua ya kuthibitisha, na asiyejibu hakuingizwa.

"Utajiua kwa miguu," Gwenda alimwambia. "Waingize wote kwenye ya moto, watakushukuru baadaye."

"Mwaka jana uliniambia hivyohivyo, wifi."

Gwenda akaokota ndoo akaenda kumwagilia miche, kwa mara ya kwanza tangu aolewe ukoo ule.

Maua walikataa karibu wote. Hilo alilitegemea. Kilichomkata maini ni kwamba hata moto, wengi walisema, "Tutaona."

Athol alikuwa anaishi kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, pale palipokuwa na nyumba yake.

"Mzee Athol, nimekuja kukuomba ruhusa. Ya moto tu, hakuna waridi wala mbolea. Ukichoka niambie, nakutoa siku hiyohiyo."

"Mwaka jana mbona hukuomba?"

"Niliiba, mzee."

Athol akatikisa kichwa taratibu. "Ivy ndiye aliyekuwa anasoma barua. Akasema, 'Huyu naye na mbolea zake.' Mimi nikamwambia, bonyeza taka, mama, tupumzike." Akayafikicha macho. "Sisi wawili tulimmaliza, mwanangu. Wewe na mimi."

"Utaniruhusu?"

"Hapana."

"Kiangazi kinakuja, mzee."

"Najua kinavyokuja. Nimekiona kikija."

Akafunga mlango polepole, bila hasira.

Noelene akabaki amesimama kwenye majivu. Anwani ya mzee aliijua kwa kichwa. Angeiingiza tu kwenye orodha ya moto, kwa simu iliyokuwa mkononi, nani angejua? Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza, wa moto na mkavu, ukimrushia vumbi usoni. Akaiweka simu mfukoni bila kuandika kitu, akaenda nyumba inayofuata.