Mvua Juu ya Theluji

Sisi watu wa Maskati tukisikia kuna hali ya hewa inakuja, tunauliza swali moja tu: itanyesha kiasi gani? Ikinyesha, ofisi zinabaki tupu, watu wanapakia watoto na chupa ya chai ndani ya gari, wanakwenda kutazama wadi, bonde kavu linalojaa maji ya mvua, likishuka. Hatuulizani hicho kitakachoshuka kitakuwa na umbo gani. Ni maji. Kingekuwa nini kingine?

Sisemi haya kujitetea. Nayasema kwa sababu ndivyo nilivyousoma utabiri wa milima ya Georgia, nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya kazi Rusayl, katikati ya maghala, kiyoyozi kikinipuliza shingoni. Niliusoma, nikashangilia peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Katika ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa theluji. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Nilijifunza kuteleza kwenye theluji kwa ski ukubwani, nikarudi na picha nimevaa kofia ngumu na miwani mikubwa, na tangu siku hiyo hakuna jamaa aliyepumzika. Kwenye kundi la familia la simu nilikuwa naeleza tofauti ya mteremko uliolainishwa na mashine na ule ambao haujaguswa, na hakuna aliyeniuliza. Ndugu zangu walikuwa wakiandika, "Bi Barafu kaamka." Nilijifanya nimeudhika, lakini kusema kweli nililipenda jina lile.

Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyenilea Darsait baada ya mama kufariki. Mwaka wa utabiri huo alikuwa amefiwa na mumewe, na alikuwa ndiyo kwanza ametoka eda. Miaka yote ya ndoa yao mume alimwahidi kumpeleka akaone theluji ikianguka. Si theluji iliyolala chini. Hiyo, alikuwa akisema mama mdogo, hata kwenye friji ipo. Alitaka kuiona ikishuka kutoka juu. Marehemu aliahidi kila mwaka, na kila mwaka pakazuka jambo: harusi ya mtoto, paa la nyumba, mwisho figo zake mwenyewe. Akaondoka, ahadi haijatimia.

Nikajitosa mimi. "Mama, nitakupeleka."

"Mimi mjane, mwanangu, nende wapi? Watu watasemaje?"

"Watasema umekwenda kuona theluji."

"Na una hakika itaanguka? Nsije nkaenda hadi huko nkaona milima tu."

"Nna hakika."

Hakika! Ningekuwa na haya kidogo ningesema inshallah, kama watu wote.

Basi utabiri ulisema dhoruba kubwa inatoka upande wa bahari, na kwenye ramani ya simu yangu eneo zima la milima lilikuwa limepakwa buluu. Nikatazama milimita. Zilikuwa nyingi ajabu. Nikaandika kwenye kundi: "Tutazikwa na theluji!" Chini ya zile milimita kulikuwa na mstari mwingine mdogo, unaosema ni kuanzia kimo gani hewa itakuwa ya kuganda. Niliuona ule mstari. Sikuusoma.

Tulipofika tulilala kijiji cha juu, kinakoanzia miteremko. Theluji ya zamani ilikuwa imelala kila mahali, jua likiwaka, na mama mdogo akaichota kwa kikombe, akaitazama, akaimwaga. Magoti yalimuuma kwa baridi, usingizi ukampaa. Asubuhi nikaamua tushuke hoteli ya bondeni, kwenye joto na veranda ya vioo. Dhoruba ni moja, nikamwambia, itatukuta popote tulipo.

"Kama huku juu ndiko kwenyewe, mimi nakaa," alisema. "Magoti haya nimekuja nayo, ntarudi nayo."

"Mama, niachie mimi. Haya mambo nayajua."

Akafunga mzigo wake. Tangu nilipokuwa mtoto alikuwa hawezi kunikatalia, na mimi nimeutumia udhaifu huo maisha yangu yote.

Alasiri nilimweka kwenye veranda, blanketi mapajani, abaya juu ya koti, chai ya tangawizi mkononi. Mawingu yalishuka hadi kwenye misonobari. Nikatoa simu nimpige picha uso wake wakati kipande cha kwanza kitakapoanguka. Kikaanguka. Kilipiga kioo, kikatiririka.

"Hii si mvua?" aliuliza.

"Itageuka sasa hivi."

Haikugeuka. Ilizidi. Katika hoteli ile kulikuwa na familia nyingine mbili za kwetu, na waliposikia mvua walifanya kile tunachofanya sote: wakatoka nje wakipiga makofi, wakisema mashaallah, watoto wakiruka kwenye madimbwi, baba mmoja akiuliza njia ya mtoni ili akaone kama maji yamejaa. Mwenye hoteli alisimama mlangoni amejishika kiuno, akitazama theluji ya mbele ya nyumba yake ikitoboka matundu. Majira yake yote ya kazi yalikuwa yanayeyuka mbele ya macho yake na wageni wake wanashangilia. Nilitaka kwenda kuwaambia waingie ndani. Nikaona aibu hata ya hilo, maana furaha ile ile nilikuwa nayo mimi Rusayl.

Halafu zikaja punje ngumu zilizochanganyika na maji, zikigonga kioo. Mama mdogo akainuka nusu. "Ndiyo hiyo?"

"Bado kidogo, Mama. Subiri."

Alisubiri. Baadaye matone yakaanza kuganda pale pale yalipogusa, kwenye ukingo wa veranda, kwenye nyaya za umeme, kwenye vioo vya magari, kila kitu kikang'aa. Nilimwambia asubiri tena. Chai ilipoa, giza likaingia, na yule mama wa watu bado amegeuza kiti chake kuelekea nje. Mwisho aliniambia kwa upole, "Twende ndani, mwanangu, wewe utaumwa." Mimi ndiye nitakayeumwa!

Niliuelewa mstari ule mdogo usiku huo, kitandani, ulipokuwa haunifai kitu tena. Wingu lilikuwa moja, lakini lilishusha vitu vitatu. Juu, hewa ilikuwa ya baridi tangu mawinguni hadi chini, ikaanguka theluji tupu. Katikati, hewa ya vuguvugu ilijipenyeza, theluji ikayeyuka njiani na kugandia ardhini. Bondeni kwetu, joto lilifika chini kabisa, ikawa mvua, hadi baridi ya jioni ilipoanza kuigandisha. Kijiji tulichokihama kilikuwa upande ule wa juu. Picha za wageni waliobaki huko, nilizoziona kwenye simu, ziliwaonyesha wamezama hadi magotini, wanacheka.

Asubuhi nikataka kumpandisha. Barabara ilikuwa imefungwa kwa barafu. Baridi ilikuwa imerudi usiku, na theluji yote iliyolowa mvua ikawa bamba moja gumu. Huko juu kwenye theluji nzuri, upepo ulikuwa umesimamisha viti vinavyopandisha watu kwa waya, na waliogopa maporomoko, kwa sababu theluji mpya nzito ilikuwa imekaa juu ya ile ya zamani iliyokuwa na utelezi. Katikati kulikuwa na ngozi ya barafu inayovunjika chini ya mguu. Bondeni bamba lile, na palipoyeyuka, matope na majani ya mwaka jana. Mlima mzima haukuwa na mahali pa mtu kuteleza kwa raha.

Na mimi, kwa kiburi, nikakodi ski. Nilisema angalau aone mwanawe anavyoweza. Kwenye kimteremko cha watoto, mbele ya hoteli, niliondoka kama sahani juu ya sakafu ya marumaru, sikusimama mpaka uzio uliponisimamisha. Mama mdogo alikuja akijishika ukutani hatua kwa hatua, akanipangusa matope mgongoni kwa kiganja, kama alivyonipangusa nikiwa mdogo. Hakucheka. Ningeomba acheke.

Keshoye barabara ya kwenda uwanja wa ndege ilifunguliwa, ile ya juu bado. Tukaondoka. Kwenye ndege alisema alhamdulillah tumesafiri salama, akalala.

Ijumaa iliyofuata majirani wa Darsait walikuja kumtazama msafiri, kama ilivyo desturi. Ndio wale wale waliokaa naye msibani. Udi ukafukizwa, halwa ikapita, kahawa ikamiminwa, na mimi nikakaa karibu na mlango, nikiwa tayari kukimbilia jikoni. Nilijua swali litakuja.

"Haya, tupe habari. Theluji uliiona ikianguka?"

Nikatazama zulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa cheko lao, kwa "Bi Barafu" mbele ya watu wazima.

"Niliiona," mama mdogo akasema. "Mashaallah. Hushuka kimya, hata huisikii. Mkubwa na mdogo wote wananyamaza. Unainua uso, inakutua hapa kwenye kope."

Akina mama wakavuta pumzi. Mama mdogo hakuwa mtu wa kusema uongo. Nimemwona akirudi dukani kumwambia muuzaji kuwa embe moja limezidi. Jirani mmoja akanigeukia mimi: "Ati kweli, inatua kwenye kope?"

"Kweli," nikasema. Uso uliniwaka mpaka masikioni.

"Basi na mimi utanipeleka."

"Atakupeleka," mama mdogo akajibu kwa niaba yangu. "Huyu anayajua."

Walipoondoka nilimfuata jikoni. Alikuwa anaosha vikombe vya kahawa, mikono imejaa povu. Tangu lile jibu lake nilikuwa nimebeba deni la wema ule, na nikataka kulitua. Nikamwambia asingefanya vile, angewaambia tu kwamba kosa ni langu, wangenicheka yakaisha. Kwa nini ajitie kwenye uongo ili anifiche mimi?

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo asilolitegemea.

"Wewe?" akasema. "Sikukufikiria wewe, mwanangu. Kila mwaka marehemu alikuwa akiniahidi mbele ya wanawake hawa hawa, na kila mwaka wakimcheka. Leo niwaambie nimekwenda, nimefika, na bado sikuiona?"

Akanipa kikombe nikifute.