Siku Nilipoiruka Nyumba ya Askari

Jumanne, tarehe 26 Oktoba. Ukungu mzito mpaka saa tatu asubuhi, mchana jua jembamba, upepo kutoka upande wa mikaratusi. Jana mvua ya kwanza ilinyesha kidogo, ardhi inanukia.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ile, nikaishia hapo. Yaliyobaki nayaandika sasa, na sina uhakika kama nayakumbuka yalivyokuwa au yalivyonijia baadaye nikiwa kwenye cherehani, maana cherehani ina tabia ya kumwotesha mtu ndoto macho yakiwa wazi. Mimi ni fundi nguo, nimesoma mpaka la saba. Palipo na kosa, ni langu.

Siku zile nchi ilikuwa imechafuka. Vijana kwenye miji mikubwa walikuwa wametoka barabarani kulalamikia wenzao waliopigwa na kuuawa mikononi mwa polisi, na tulivyosikia ni kwamba na wao walipigwa, wengine hawakurudi nyumbani. Hapa kwetu Sumbawanga sikuona mtu akiandamana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona, si kwa kujisifu wala kujilaumu. Ila vijana wa bodaboda pale sokoni walikaa asubuhi moja nzima juu ya pikipiki zao, injini zimezimwa, hawabebi abiria, hawasemi kitu. Wauza mahindi walipima nafaka kwa sauti ya chini kama wako msibani. Na salamu zilifupishwa. Kwetu ukikutana na mtu unamuuliza ameamkaje, nyumbani je, watoto je, shamba je, mpaka mfike mwisho. Siku zile askari akipita alipewa salamu moja, akaachwa nayo. Hakuna aliyeamrisha. Ilitokea tu, kama baridi inavyoingia chumbani bila kuona imepitia wapi.

Jirani yangu wa kwanza kushoto ni askari polisi, mtu wa Mbeya, amepanga vyumba viwili na mkewe. Yaandikwe yote. Mwaka mmoja barabara yetu ilipogeuka tope, yeye ndiye aliyevua viatu akaisukuma pikipiki iliyokuwa inampeleka mke wangu hospitali. Na ni yeye huyo huyo niliyemwona akimzaba kofi kijana wa bodaboda mbele ya kibanda changu, kijana ambaye alikuwa ameshanyoosha mikono juu. Nilishuhudia yote mawili. La kwanza nimelisimulia mara nyingi. La pili niliinama nikaendelea kupiga pindo.

Ijumaa kabla ya siku ninayoisema, gari lilimchukua yeye na wenzake, wakapelekwa nje ya mkoa kuongeza nguvu. Wapi, hatukuambiwa. Suruali yake ya kazi ilibaki kibandani kwangu, alikuwa ameniletea niipanue kiuno. Vijana wakaiona inaning'inia.

"Fundi, hiyo suruali umeshailisha leo?" mmoja aliniuliza. "Angalia isije ikakurukia!"

"Mwache mzee wa watu," mwenzake akadakia. "Anaipanua kiuno. Si unaona imeshiba?"

Nilicheka. Kisha nikaona aibu kwamba nimecheka, nikaihamishia nyuma ya pazia. Mpaka leo sijui kwa kuificha vile nilikuwa namkosea nani.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Oktoba ni mwezi wa Rozari, na katika jumuiya yetu sanamu ya Bikira Maria hutembea nyumba kwa nyumba, inalala usiku mmoja kila mahali. Anayeipokea hutandika kitambaa cheupe, huwasha mshumaa, tunasali wote kwake. Kesho yake jioni ni lazima aibebe kwa mikono yake mwenyewe mpaka nyumba inayofuata. Hatumi mtu. Hata mgonjwa hushikwa kiwiko, lakini anabeba. Orodha ya nyumba ninayo mimi, kwa kuwa ndiye katibu, na nilichaguliwa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Jumatatu Mama, ndivyo tunavyoiita sanamu, alilala kwangu. Jumanne ilikuwa zamu ya nyumba ya askari, na baada yake nyumba ya bibi mmoja mjane, ambaye kitinda mimba wake ni fundi rangi Dar es Salaam. Simu ya huyo kijana ilikuwa haipatikani siku ya tano.

Mchana mke wangu alinikuta kibandani. "Baba watoto, mke wa jirani ameshafunga begi," aliniambia. "Amekata tiketi ya basi la alfajiri, anarudi kwao. Anasema anasubiri jioni ya leo tu. Jumuiya wakiingia kwake, atajua bado ana majirani. Wasipoingia, ameelewa."

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Lakini wanawake wawili walikuwa wameshaninong'oneza kwamba hawatakanyaga pale. Na mimi nikamfikiria bibi, akae kwenye kiti cha askari huku hajui mwanawe kalala wapi, ikaniuma. Nikaona nimepata njia ya huruma. Nikachukua kalamu, nikaandika mshale mdogo kwenye orodha, kutoka nyumba yangu moja kwa moja mpaka kwa bibi. Ulikuwa mshale mzuri, umenyooka.

Saa kumi na moja jioni tulitoka, wanawake sita, mke wangu akiwemo, na mimi nimeibeba sanamu. Sanamu yenyewe si kubwa, urefu wa mkono mpaka kiwiko, pua imemeguka, na joho lake la buluu nililishona mimi. Jua lilikuwa limeshuka likawa la rangi ya asali, na kwa sababu ya mvua ile kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini, wanapanda hewani polepole, maelfu, mbawa zao zinameta. Tulitembea katikati yao. Hakuna aliyeimba. Nilijisikia kama natembea usingizini, miguu iko chini huko peke yake, na mimi niko juu, na kati yetu kuna mbawa tu.

Mke wa askari alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga kitenge kipya, kiberiti mkononi. Nyuma yake niliona kitambaa cheupe juu ya stuli, na maua ya porini kwenye kopo. Aliinama kidogo, akapiga makofi ya taratibu kama akina mama wa huku wanavyosalimia, na si mila ya kwao, alijifunza hapa.

Nikapita.

Sikugeuka, lakini nilisikia makofi yale yakikoma moja moja.

Kwa bibi hapakuwa na kitambaa wala mshumaa, maana hakutegemea wageni. Alikuwa anapeta ulezi uani. Alituangalia, akaangalia sanamu, akaweka ungo chini.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba. Huyu Mama kalala wapi jana?"

"Kwangu, bibi."

"Leo ni Jumanne?"

"Ndiyo, bibi."

"Mimi ni Jumatano. Ulinisomea mwenyewe kwenye karatasi yako."

Nikaanza kumweleza. Nilisema kwamba siku hizi ni ngumu, kwamba tulimfikiria yeye, na kijana wake. Maneno yalikuwa yanatoka marefu marefu. Akaniacha mpaka yakaisha.

"Nilikutuma?" akauliza.

"Hapana, bibi."

"Mwanangu hajulikani alipo. Kila nikienda sokoni namtafuta kwenye nyuso za watu. Halafu wewe unamchukua mwanangu unamfanya sababu. Umemrukisha Mama wa Mungu uzio kama kuku, ukaniletea mimi." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Lete hapa."

Akaichukua sanamu, akatangulia. Mama mmoja kati ya wale sita alisema, "Mimi siendi, mnisamehe," akashika njia ya kwake. Simlaumu. Kaka yake aliwahi kupigwa vibaya akiwa mahabusu, anachechemea mpaka leo, na hakuna aliyekuja kumwambia pole. Naye nilitaka aingie kwenye daftari hili.

Mlango wa askari ulikuwa umefungwa. Bibi akapiga hodi. Akapiga tena. Yule dada akafungua, macho mekundu, na nyuma yake nikaona begi limesogezwa karibu na mlango. Kitambaa kilikuwa bado kimetandikwa. Nadhani hakuwa na nguvu ya kukitoa.

"Mume wako yuko wapi?" bibi alimuuliza, bila salamu yoyote.

"Sijui, bibi. Gari liliwachukua Ijumaa. Simu yake haipatikani."

"Na ya mwanangu haipatikani."

Walitazamana. Kumbikumbi mmoja alitua kwenye bega la sanamu, akadondosha mbawa zake pale pale, akatembea.

"Akirudi," bibi akasema, "mwambie nitamuuliza alikuwa wapi na alifanya nini. Nitamuuliza mwenyewe, uso kwa uso. Asinijibu kwa kunizungusha."

"Nitamwambia, bibi."

"Usimpunguzie maneno."

"Sitampunguzia."

Ndipo bibi akampa sanamu. Dada aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kitambaa, akawasha mshumaa. Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikashika. Sisi tuliingia tukakaa kwenye mkeka. Bibi hakuingia. Alikaa kizingitini, miguu nje, mgongo kwenye mwimo wa mlango, akasali rozari nzima kutokea hapo, na sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zetu.

Wakati wa kutoa nia, bibi aliwaombea vijana waliokufa, na mwanawe, popote alipo. Mke wa askari aliusogeza mshumaa karibu na sanamu. Kisha akaomba mumewe asiwe na damu ya mtu mikononi, na kama anayo, asiweze kuificha. Nilikuwa na nia yangu niliyoiandaa, ya kuombea amani ya nchi. Nikaona ni kama mshale wangu ule, mzuri, umenyooka. Sikuisema. Nilisema tu kwamba leo niliiruka nyumba hii nikiwa najua, na kwamba naomba radhi. Upepo uliupinda mshumaa, ukauacha. Dada akasema, "Tumekusikia, katibu." Si kwamba alisema amenisamehe. Nimeandika alichosema.

Tulipokuwa tunaaga, alimfuata bibi pale kizingitini.

"Bibi, mimi nina basi la alfajiri."

"Na Mama ataletwa kwangu na nani? Na hili begi?"

Dada alilitazama begi, akaitazama sanamu. Baadhi yetu tulitazama chini.

"Jumatano ni jioni," bibi akamwambia, tayari yuko njiani. "Mimi nitatandika kitambaa."

Basi la alfajiri liliondoka bila yeye. Jumatano jioni niliwaona wawili wale kwenye mlango wa bibi, mmoja anatoa, mmoja anapokea. Kijana wa bibi alipiga simu wiki iliyofuata, kavunjika mkono, yu hai. Askari alirudi baadaye, na bibi alimuuliza kama alivyoahidi. Alichojibu walikisikia wao wawili na mkewe, na mimi sitabahatisha. Suruali niliipanua nikampa. Siku hiyo nilimwambia kuhusu lile kofi, kwamba niliona. Alisema, "Najua uliona, fundi."

Lakini nilianza na Jumanne, niishie Jumanne. Tuliporudi nyumbani mke wangu alikuta wanetu wameshaokota kumbikumbi beseni zima. Akawakaanga kwenye sufuria kavu, chumvi tu, bila mafuta, wanatoa yao wenyewe. Kabla hatujanawa, mke wa askari alibisha hodi na bakuli la maharage aliyokuwa ameyapika kwa ajili ya wageni wa jioni, yakabaki mengi kwa kuwa bibi alikataa kula na wengine tuliona haya. Tulikula ugali wa ulezi, kumbikumbi, na maharage yale. Yalikuwa yamezidi chumvi kidogo. Tuliyamaliza.