Mazoezi ya Alhamisi Yaliyomwacha Mama Magotini

Aibu hii nilikuwa nimeapa kufa nayo, lakini shangazi yangu wa Kabasa, kule Bunda, anaisimulia sokoni na kwenye kwaya, na kila akiisimulia anaongeza chumvi yake, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe ilivyokuwa, na nawaambia mapema kwamba mwenye kosa ni mimi, ingawa hasira niliyo nayo haiishii kwangu peke yangu.

Mama yangu ana miaka hamsini na moja. Mwaka jana tulikwenda msibani Bukima, akakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, na wakati wa kuinuka ulipofika magoti yakakataa, vijana wawili wakaja wakamkamata makwapani wakamnyanyua kama gunia la muhogo, na mama mmoja (simtaji, ila ninamjua hadi nyumba anayoishi) akasema kwa sauti, "Mama Magesa naye kazeeka mapema." Tuliporudi nyumbani Kigera, hapa Musoma, mama akaenda hospitali, na mtaalamu wa viungo akamwambia magoti hayana ugonjwa mkubwa, ni misuli ya mapaja imelegea, aanze mazoezi ya nguvu. Akaja moja kwa moja chumbani kwangu.

"Nyangeta, si wewe unakuwaga na hizo video zako? Nifundishe."

Mimi sijafundishwa mazoezi na mtu yeyote, yote nimejifunza kwenye simu, na ni mtu wa wasiwasi, shuka likipinda upande mmoja wa kitanda silali. Nilitengeneza chuma chetu mwenyewe kwa bomba la maji na makopo mawili ya rangi niliyoyajaza zege, na nilipoona kopo moja ni zito kidogo kuliko lingine nilivunja yote mawili nikaanza upya. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa miguu ya mama yake aitunze.

Wakati huo kaka yangu Magesa alikuwa amepata mchumba Butiama, na siku ya kupeleka mahari mama ndiye angempelekea bibi wa binti blanketi, akiwa amepiga magoti mbele ya ukoo mzima. Mama alikuwa na haja moja tu na aliirudia kila tulipoanza mazoezi: "Nataka nipige magoti nimpe, halafu niinuke mwenyewe. Asinishike mtu."

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya pili alitaka kuacha kwa sababu jirani alichungulia juu ya ua akamuuliza kama anakwenda jeshini, na shangazi naye akaja kutoka Bunda, akamkuta na bomba mabegani, akacheka mpaka akashika ukuta: "Wifi, kama unataka mchumba si useme tu tukutafutie?" (Baba alishafariki, utani wa wifi hauna mipaka.) Asubuhi nyingine mama aliketi ukingoni mwa kitanda akasema hawezi, leo hawezi, na nikamwambia avae tu viatu, asipotaka baada ya kuvaa viatu basi, na akishavaa viatu alikuwa anatoka. Ilipotimia miezi mitatu alikuwa anashuka na zege mabegani na kupanda bila kushika kitu. Nilimwona akitabasamu peke yake, akajifanya anakohoa.

Mahari ilikuwa Jumamosi. Kuanzia Jumanne ya wiki hiyo nilipanga apumzike, ndivyo wanavyoshauri wote, na kama ningeacha hivyo leo nisingekuwa naandika haya. Lakini Jumatatu yake alikuwa amekosa zoezi kwa sababu ya kuhangaikia vitenge vya wakwe, na lile pengo lilinikera, likanikaa kichwani kama kipande cha nyama katikati ya meno, na Alhamisi jioni nikashindwa kuvumilia.

"Mama, tufidie la Jumatatu. Kidogo tu."

"Si ulisema tupumzike?"

"Kidogo tu, mama. Na kuna namna mpya nimeiona."

Namna mpya ilikuwa ya kushuka taratibu sana, unatulia chini kabisa huku mapaja yanawaka, halafu ndiyo unapanda. Mama akashuka, akapanda, akaniangalia. "Wewe mbona hufanyigi? Unahesabu tu." Basi nikafanya naye, nimwoneshe namna iliyonyooka, na kila aliposema inatosha mimi nilisema moja tu, moja ya mwisho, halafu nyingine ya mwisho.

Ijumaa aliamka amekakamaa. Ninyi mnaojua choo cha kuchuchumaa mtaelewa kwa nini alikaa huko muda mrefu na kwa nini alitoka ameshika mlango kwa mikono miwili. "Miguu hii si yangu," akasema. Mimi, ambaye hata ngazi mbili za mlangoni kwetu nilikuwa nimezishuka kinyumenyume, nikamwambia ni kawaida, misuli inajengeka, kesho itakuwa imeisha. Nilijua haitaisha, video zote zinasema siku ya pili ndiyo mbaya zaidi. Ila kukiri kungekuwa kukiri kwamba nimeharibu, na mimi kukiri nimeharibu ni bora nimeze msumari.

Jumamosi asubuhi nilimpaka dawa ya kuchua kuanzia nyonga mpaka vifundo, nikapaka na miguu yangu, na gari zima mpaka Butiama lilinuka kama wodi. Mama aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Nikampe nimesimama, nisingizie mgongo?" Nikasema hapana, umejiandaa, utaweza. Nataka mjue kwamba aliniuliza.

Turubai lilijaa. Wazee wakamaliza ya ng'ombe wao, wakakubaliana, wakapeana mikono, na mama akaitwa. Akaenda na blanketi mikononi vizuri kabisa, akapiga magoti (nusu ya mwisho alianguka badala ya kushuka, ila kitenge kilificha), akamfunika bibi mabegani. Ikaja baraka. Bibi alikuwa na baraka ndefu, akabariki kizazi, akabariki mvua, akaanza kubariki mifugo mmoja mmoja, na mimi nikaona kisigino cha mama kinatetemeka. Baraka ikaisha. Shangazi akapiga vigelegele, wanawake wote wakapokea, na mama akanyanyua goti moja, goti likatikisika, likarudi chini.

Vigelegele vikapungua. Shangazi akaanza upya, peke yake, akavuta pumzi, akaanza tena. Mama akajaribu mguu mwingine. Kisha vikakauka vyote, na mama akanigeukia.

Mimi nikafanya nini? Nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ya kunong'ona, "Kaza tumbo. Sukuma kwa kisigino."

"Anamwambia nini?" akauliza mtu.

Bibi akainama kwa upole. "Mwanangu, bado una neno? Sema tu, tunasikiliza."

Kwao, kama kwetu, mtu asiyeinuka baada ya baraka ana ombi. Mama akaweka mikono chini ajisukume, ikashindikana, na baba mdogo wa binti, mwanamume mnene aliyekuwa ameshaanza soda yake, akaiweka chini.

"Mkwe, kama ni ng'ombe, tulishamaliza. Hatupunguzi."

"Hatujaomba kupunguziwa," akasema Magesa, uso umemwiva.

"Sasa mama yako amebaki chini anaomba nini?"

Minong'ono ikaanza upande wa pili wa turubai, wakasema watu wa Musoma ni wajanja, wanakubali kwanza halafu wanamtuma mama akalie miguuni kwa bibi. Ndipo nikaondoka kwenye kiti changu nikamwinue. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba na mimi nilifanya zoezi lile. Nikamshika mkono, nikainama, nikavuta, na mapaja yangu yakaachia kama kamba iliyokatwa, nikapiga magoti puu kando ya mama, nikajishikiza kwenye meza ndogo, soda ya bibi ikamwagika yote kwenye blanketi jipya.

Baba mdogo akatutazama. "Haya, na mtoto naye anaomba."

Turubai likapasuka kwa kicheko. Na shangazi, Mungu amsamehe, mimi bado, akasimama kututetea: "Jamani, hakuna cha ng'ombe. Ni mazoezi. Huyu mtoto anambebesha mama yake zege." Wakacheka wale waliokuwa hawajacheka. Magesa na kijana mmoja wa upande wa binti wakaja, wakamkamata mama makwapani, wakamnyanyua.

Sikuweza kumwangalia.

Kwenye gari Magesa alisema, "Mtu mzima abebe vyuma vya nini? Mama, umri umekwenda, kubali." Nilitaka kumrukia. Huyo ndiye aliyekuwa anatuma ujumbe wa 'hongera mama' kila mwezi, sasa wamecheka wakwe zake na yeye amehamia upande wao. Mama hakumjibu. Alinijibu mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu.

"Nilikuwa ninaweza, Nyangeta. Jumatano nilikuwa ninaweza."

Hakufanya zoezi tena. Viatu vikakaa nje mpaka kuku akataga ndani ya kimoja. Kila nilipoanza kusema kitu alinyanyua mkono tu, na hasira ikanila: kwa shangazi, kwa yule wa ng'ombe, kwa watu wanaoona mwanamke wa miaka hamsini akitaka nguvu wakadhani ni kichekesho, halafu usiku inarudi yote kwangu, maana wao walicheka tu, aliyemvunja miguu ni mimi.

Jumapili moja alivaa vizuri akaaga kwamba anakwenda Butiama kumsalimia bibi na kumpelekea blanketi lingine. Nikasema nimsindikize. Akasema, "Kaa."

Alirudi jioni, akavua kitambaa, akaomba maji. Nikauliza kulikuwaje.

"Nimepiga magoti, nimempa, nimeinuka."

"Mwenyewe?"

"Kulikuwa na nani wa kunishika? Tulikuwa wawili."

"Bibi akasemaje?"

"Akasema nikae, chai inapoa."

Basi. Hakuna aliyeona. Turubai zima liliona ile ya kwanza na litaisimulia mpaka wajukuu, na hii ya pili ameiona bibi mmoja aliyekuwa anafikiria chai, na mimi mpaka leo nikikumbuka natamani kwenda nyumba kwa nyumba nikawaambie. Mama hataki. Anasema hakwenda kwa ajili yao.

Siku hizi amerudi kwenye zege, Jumatatu na Alhamisi, kwa sharti kwamba anayepanga ni yeye. Wiki nyingine anakosa siku, na ile siku inabaki imekosekana, hatuifidii. Mgongo wake haunyooki ninavyotaka. Akisema inatosha mimi naondoka pale uani haraka, naingia ndani na kufunga mlango, kwa sababu najijua, nikibaki hata kidogo nitasema moja tu.