Waya mweusi wa pickup ya zamani usiuchome na kiberiti: yaliyotukuta Baraka

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Niko Baraka, Fizi, huku Congo, kwa hiyo Kiswahili changu mkivumilie. Ninayoandika niliyaona kwa macho, mengine niliyashika kwa mkono. Asiyeamini aje, gitaa lipo.

Baadhi yenu mtakumbuka niliingia humu kuuliza kuhusu pickup ya gitaa la umeme iliyokufa, kile kidude cha sumaku na waya kinachonasa sauti chini ya nyuzi. Sisi tunaiita mikro. Wengi mlicheka, mkaniambia ninunue mpya. Mwingine akauliza kama Baraka kuna umeme. Umeme tunao, wa sola na wa groupe, yaani jenereta, asante kwa kuuliza.

Sasa niwaeleze kwa nini mpya isingesaidia kitu.

Gitaa ni la marehemu shemeji yangu Wilondja, mume wa dada yangu mkubwa Riziki, ambaye mimi namwita Yaya. Wilondja alipiga solo kwenye kwaya yetu tangu mimi sijaota ndevu. Gitaa alilitoa Kalemie, kwa mwanamuziki mmoja wa baa aliyeokoka akataka kuachana nalo. La zamani sana. Sauti yake nene kidogo, ukipita barabarani ulijua leo anapiga Wilondja.

Likanyamaza. Akasema atalitengeneza. Kabla hajaligusa akaugua, akatutoka.

Huku kwetu mjane anavaa nyeusi mpaka ukoo wa mume uje kuondoa matanga. Watu wanakula, kwaya inaimba, mama anavua nyeusi, maisha yanaendelea. Shemeji zake Yaya, watu wa Lubondja, walikuwa tayari, mpaka mihogo ilishalowekwa. Yaya akakataa mbele ya wazee.

"Mi siwezi toa nyeusi kama gitaa ya bwana yangu bado haijasema."

Walikasirika, na ninawaelewa. Wengine wakasema huo ni ubishi wa watu wa Ubwari. Na mimi ni wa Ubwari kama yeye, basi hilo liliniuma. Mwisho wakatupa muda kidogo, na lawama juu yake.

Kwa hiyo wakuu, mkiniambia "nunua mpya", mpya ya nani? Yaya hakutaka gitaa lolote liseme. Alitaka lile.

Mimi natengeneza redio na simu sokoni. Jirani yangu wa kibanda ni Alimasi, fundi wa kusuka mota. Groupe ikiungua, pampu ikiungua, ni yeye. Tukafungua mikro pamoja. Testa ikasema waya umekatika. Tukatazama, umekatika kwa nje, pale ulipoungwa, pameota kutu ya kijani. Nikafurahi kabisa. Ukikatika ndani, chini ya mizunguko yote, hapo ndipo unalia.

Sasa sikilizeni namna mafundi wa huku tunavyofanya kazi. Waya wa koili una ganda, kama rangi nyembamba, ili mizunguko isigusane. Waya wa mota, Alimasi anachoma ncha yake kwa kiberiti cha gesi, anapangusa na kitambaa, anaweka risasi ya kulehemu. Amefanya hivyo maisha yake yote na mota zinazunguka. Mimi waya wa redio sichomi hata kidogo. Naweka fera ya moto, chuma cha kulehemu, moja kwa moja, ganda linayeyuka lenyewe, risasi inashika.

Alimasi akachoma. Waya wa mikro ni mwembamba kama unywele. Ncha ikageuka majivu, ikadondoka. Akafungua mzunguko mwingine, akachoma tena, majivu tena. Nikamnyang'anya, nikaweka fera yangu. Risasi ikawa tone, ikateleza, haikushika. Nikaongeza moto. Ikateleza.

Alimasi akasema, "Hii waya ilishakufa na mwenyewe." Akajitolea kuisuka upya kwa waya wa transfoma ya redio. Nilikaribia kukubali. Bahati nzuri waya huo ni mnene kuliko wa mikro, mizunguko yote isingeingia, na sauti ingetoka ya kikohozi.

Ndipo nikaja humu kuuliza, na katikati ya vicheko vyenu mwanachama mmoja akanijibu kwa ukali kidogo: waya una rangi gani, na je, unakwangua au unachoma?

Nikarudi kutazama. Rangi ya ganda la kitunguu kilichoungua, kahawia inayoelekea zambarau.

Akanieleza vizuri, Mungu ambariki. Kwenye pickup za zamani utakuta maganda ya aina tatu hivi. La kwanza ndilo hilo langu, kahawia iliyoiva mpaka linaitwa jeusi, jina lake plain enamel. Ni jembamba, mizunguko inabanana, na watu wengi wanaamini sauti nene inatokea humo. La pili ni formvar, rangi ya chai ya rangi ukiinua glasi kwenye jua. Hilo ni nene zaidi na gumu, mizunguko inaachana kidogo, sauti inakuwa wazi. La tatu ni poly, mara nyingi linaonekana kama shaba mpya. Hilo la tatu ndilo linaloyeyuka kwa fera. Mawili ya kwanza hayayeyuki, uweke fera mpaka kesho. Lazima uyakwangue.

Akaonya kwamba rangi nayo inadanganya, waya mpya unaweza kupakwa rangi ya zamani. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha ncha.

Basi mimi na Alimasi tulikuwa tunatumia dawa ya mota na dawa ya redio kwa mgonjwa asiye wa kwetu.

Kukwangua tukajua. Kuweza, hapana. Vidole vyangu na vya Alimasi ni vya bisibisi. Papieveri, yaani msasa, ikigusa tu, waya kwisha. Kila ukikatika tunafungua mzunguko mmoja. Mizunguko iko maelfu, michache haiharibu sauti, lakini ukiukata vibaya ukaingia ndani, kwaheri.

Yaya alikuwa amekaa pale, ametuletea chakula. Yeye anashona nyavu za ndakala, dagaa wa ziwa letu, tangu utotoni. Akatutazama mpaka akachoka. Akanawa mikono, akaipangusa kwenye nyeusi yake, akasema, "Munavuta. Acheni kuvuta."

Akalaza ncha juu ya sindano yake ya mbao ya kushonea nyavu, akachukua kipande cha papieveri kilichochakaa, akakipitisha taratibu, upande huu, akageuza, upande ule. Shaba ikatoka, inang'aa.

Nikagusa fera mara moja. Risasi ikashika. Tukafunika kiungo kwa tone la nta ya buji, mshumaa, kisitikisike. Testa ikasoma. Alimasi akatoka nje, nadhani alikuwa anafuta macho, ila atakataa.

Yaya hakutaka kusikia siku ile. Akasema ingoje watu.

Siku ya matanga watu wa Lubondja walifika, kwaya ikafika, amplifaya tukaazima kwa wenzetu Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Nikapiga mimi, ule mwanzo Wilondja aliokuwa anaupiga kila Jumapili. Ile sauti nene ikatoka. Wazee wakainamisha vichwa.

Yaya akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Gitaa njo yake. Mikono haiko yake."

Akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Basi, alikufa."

Akaingia ndani, akarudi amevaa kikwembe, kitenge cha njano, nyeusi ameishika mkononi. Bamama wakapiga vigelegele huku wanalia. Mimi nikashindwa kuendelea, akaniambia niendelee, kwaya inangoja.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujasema waya umekufa, ujue kwanza umevaa ganda gani. Na kama vidole vyako ni vya bisibisi, mpe mshona nyavu.

Wenye uzoefu wa formvar karibuni, mnakwangua na nini? Kuna mtu wa Mboko ameshaniletea gitaa lake, waya ni rangi ya chai. Na waliocheka ile siku nao waje, sina kinyongo. Kidogo ninacho, lakini njooni.